Kigingi Namba Saba

Mtu anayekula mihogo yake ya kuchemsha katikati ya jaa la taka, ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, shati limefungwa hadi kifungo cha shingo, nzi wanamzunguka naye hawafukuzi, mtu huyo ana jambo. Ndivyo nilivyosema siku ya kwanza nilipomwona, na nilisema kwa sauti ili jirani yangu Bi Riziki asikie. Bi Riziki alitua dumu lake la maji, akamtazama kwa muda, akasema, "Huyo si bure."

Jina alikuwa nalo. Nadhani aliwahi hata kulitaja kwenye mkutano wa mtaa, ila hakuna aliyelishika. Tulimwita Mpimaji. Alizaliwa wapi, ana mke au hana, sijui hata leo na sitabuni. Kwetu Utange mtu anaweza kukaa miaka asiulizwe kwao ni wapi. Lakini liko neno moja ambalo mgeni akilitaja lazima aulizwe na mengine yote, na neno hilo ndilo alilokuja nalo: kupima.

Nieleze kidogo, maana asiyejua habari ya vigingi hatamwelewa mtu huyu. Nyumba zetu ziko kando ya jaa, mahali tunapopaita Timbo. Zamani palichimbwa mawe ya kujengea, likabaki shimo. Shimo likajazwa taka za mji, taka zikafunikwa kwa udongo, na jaa lenyewe likasogea mbele. Juu ya udongo ule ndipo tulipojenga. Hatimiliki hatuna. Tuna miaka mingi, tuna minazi tuliyoipanda kwa mikono yetu, tuna makaburi mawili, lakini karatasi hatuna. Kwa hiyo kigingi tunakijua. Kikichomekwa leo, kesho anakuja mtu na ramani, keshokutwa tingatinga.

Watu wa mitaa mingine huving'oa, na huo ni ujinga, kwa sababu wapimaji hurudi na askari wakavichomeka tena kwa saruji. Sisi tuna njia yetu. Hatuking'oi, tunakihamisha. Hatua kumi, hatua kumi na tano, kichwa kikitazama vile vile, udongo ukikanyagwakanyagwa usionekane mpya. Mwenyewe akirudi anakikuta kigingi chake, anafurahi, anaandika, na ramani inayotoka haifanani na ardhi yoyote chini ya jua. Wazee wetu walifanya hivyo, nasi tukafanya.

Mpimaji alichomeka kumi na viwili, vyuma vyembamba vyenye kichwa chekundu na namba. Cha saba kilikuwa nyuma ya nyumba yangu, pale pale nilipokuwa nimekusudia kujenga jiko.

"Umetumwa na nani?" nilimwuliza.

"Nimetumwa nipime gesi, mama."

"Gesi ya kupikia?"

"Inafanana nayo. Inaitwa methani. Taka zikioza chini ya udongo, pasipo hewa, ndiyo inayotoka."

"Inapimwa ili iweje?"

"Ijulikane ni kiasi gani."

"Na ikijulikana?"

Hapo alinyamaza, akafuta kioo cha kisanduku chake cha kupimia kwa kitambaa. Mtu mwenye nia safi hanyamazi hapo. Nilirudi ndani nikamwambia mkaza mwanangu, Kadzo, kwamba tumepata mgeni mwenye ulimi mfupi na macho marefu, na asimpe hata maji.

Maji yenyewe asingeyanywa. Hilo nalo lilitukera. Alikuwa hali wala hanywi kwa mtu. Ukimkaribisha chai atakushukuru kwa adabu zote, ataweka mkono kifuani, halafu atakwenda kwenye ndoo yake huko jaani kula mihogo yake. Kwetu mgeni akikataa chai mara ya kwanza anaona haya. Mara ya pili ana kiburi. Mara ya tatu amekwisha kula kwingine, na hapo swali ni kwa nani.

Adabu alikuwa nazo nyingi kupita kiasi. Alimwamkia shikamoo kila mtu aliyevaa leso, hata wasichana wa umri wa kuweza kuwa binti zake, nao hawakujua waitikie marahaba au wacheke. Mwanamume wa makamo anayekuamkia shikamoo ilhali mmelingana umri, unabaki kujiuliza anataka kukuondolea nini. Bi Riziki alisema, "Mie shikamoo ya namna hii naiogopa, wallahi. Huanza shikamoo, huisha samahani mama, nyumba hii itabomolewa."

Kazi yake ilikuwa hivi. Kila Jumanne alikuja kwa miguu kutoka barabarani, kisanduku kimening'inia shingoni, mkononi fimbo yenye bomba la mpira. Alikwenda kigingi hadi kigingi. Akifika alichomeka fimbo ardhini, akasubiri, akasoma namba kwa sauti mara mbili kama mtu anayembishia mwenziwe, kisha akaandika kwa penseli. Penseli, si kalamu. Nilimwambia kinachoandikwa kwa penseli hufutika. Akasema wino unakufa kwa jasho, penseli haifi. Jibu zuri, lakini ufutio ulikuwa umefungwa pale pale kwenye penseli kwa uzi, nikauona.

Maneno yake hayakuwa mengi, ila machache aliyokuwa nayo aliyarudia. La kwanza: "Pua ni shahidi wa uongo." Sisi tulidhani gesi ndiyo ule uvundo wa jaa unaotuamsha upepo ukigeuka. Akasema la, uvundo ni kitu kingine, methani haina harufu wala rangi, na mahali penye harufu ndogo panaweza kuwa na gesi kubwa. Ndiyo sababu alikula pale. Harufu ilikuwa haimtishi, alikuwa ameshaihukumu. La pili alilisema kila alipoulizwa kama atatupendelea au atatuchongea: "Namba haina jirani." Bi Riziki alimjibu siku moja, "Namba yako haina jirani, baba, lakini wewe unao." Akacheka kidogo akatazama chini. Nilikiona kicheko kile, nikakihesabia ubaya.

Niseme na upande wake wa pili, maana nikificha nitakuwa nadanganya. Mimi huuza mbaazi na mahamri asubuhi, na mbaazi kavu kwa mizani. Siku moja alipita akasimama, akaitazama mizani yangu jinsi fundi cherehani anavyotazama mshono wa mwingine. Alingoja wateja waondoke. Kisha akainama akasema kwa sauti ya chini, "Mama Karisa, mizani hii inakuonea huruma. Inampunguzia mnunuzi." Hakumwambia mtu mwingine, mimi ninajua, kwa sababu ningesikia. Nilimnunia wiki nzima. Nilikuwa najua muda mrefu kwamba mizani ile ina huruma.

Sasa habari ya angani. Mzee wa mtaa aliitisha mkutano katika ukumbi wa kanisa letu, na Mpimaji akatakiwa aeleze, maana uvumi ulikuwa umezidi. Akasimama mbele, shati limefungwa kama kawaida, akasema kazi yake chini ni kusaidia kazi itakayofanywa juu. Kitarushwa chombo angani, setilaiti, kitakachopima methani ya dunia nzima kwa mwanga. Kinashusha mwanga wa leza hadi ardhini, mwanga unagonga ardhi, unarudi juu, na kwa kuangalia kilichorudi wanajua gesi iliyokuwa njiani. Njia hiyo inaitwa lida. Usiku inafanya kazi, mchana inafanya kazi, haingoji jua.

Watu wakatazamana. Mtu mmoja nyuma akauliza mwanga unajuaje gesi, una pua?

Hapo ndipo alipotushangaza. Aliomba sahani mbili kutoka jiko la kanisa. "Chukulieni hii ni pilau," akasema, "na hii ni ugali mkavu usio na mboga. Zote zimejaa sawasawa. Nampa mtu mmoja azibebe, apite katikati ya watu wenye uchu wa pilau, afike mwisho wa njia, azirudishe. Ugali hawaugusi. Pilau wanalichota. Zikirudi natazama: pilau limepungua kiasi gani? Basi nimewajua walaji bila kumwona hata mmoja. Chombo kinashusha mwanga wa aina mbili. Mmoja methani inaula, mwingine haiugusi."

"Na ugali wa nini, kama hauliwi?" akauliza Bi Riziki.

"Ugali ni shahidi. Kama vyote viwili vimepungua sawa, basi si walaji. Mbebaji alijikwaa, au palikuwa na vumbi, au ardhi nyeusi haikurudisha mwanga vizuri. Ugali ndio unaonizuia nisiwasingizie watu."

Nilisimama mimi. Nilikuwa nimevaa leso ya ibada na nilitaka kusikika. "Na mbebaji mwenyewe akila, je?"

Ukumbi mzima ukacheka. Mpimaji hakucheka. Aliiweka sahani ya pilau mezani taratibu, akasema, "Hiyo ndiyo shida ambayo leza haina, mama. Wanadamu tunayo."

"Na chombo chenyewe kiko wapi?" wakauliza.

"Bado hakijarushwa."

Basi akawa amejimaliza. Hata waliokuwa wameanza kulainika walisimama wakakung'uta nguo. Anapimia kitu ambacho hakipo. Alijaribu kusema kwamba kwanza itakuja ndege yenye leza ya aina hiyo, ilinganishe inachokiona kutoka juu na kile ambacho fimbo yake inakisema chini. Zikikubaliana, wataweza kuyaamini ya angani hata mahali ambapo hakuna mtu wa kushika fimbo. Nani alimsikiliza? Sisi tulikuwa tumesikia neno moja tu, ndege, na sote tulijua ndege inapiga picha, na picha inakwenda ofisini, na ofisini yuko mtu anayeitaka Timbo.

Jumapili iliyofuata nilisema kichwa kinaniuma. Familia ikaenda ibadani, nami nikabaki. Nilikivuta kigingi namba saba, nikahesabu hatua kumi na mbili kuelekea kwenye mihogo yangu, nikakichomeka huko, nikasawazisha udongo kwa mguu. Mungu anisamehe, nilikuwa naimba wimbo wa sifa.

Jumanne Mpimaji akaja. Alikitazama kigingi. Akaitazama ramani kwenye simu yake. Akanitazama mimi niliyekuwa mlangoni nikichambua mbaazi ambazo zilikuwa zimekwisha kuchambuliwa. Kisha akakipita kigingi, akahesabu hatua zake, akasimama pale pale kilipokuwa mwanzo, akachomeka fimbo. Safari hii hakusoma kwa sauti. Aliitazama namba kwa muda mrefu, na penseli ikabaki hewani.

Sikulala vizuri siku ile. Mpimaji mjinga anachezewa, hiyo ndiyo kazi yake. Lakini huyu alijua, na hakusema. Anayejua akanyamaza ameweka akiba, na akiba yake ni wewe.

Nikaharakisha ujenzi. Jiko likasimama pale pale kigingi kilipotoka. Mpimaji alikuja akaniambia mambo matatu kwa siku tatu tofauti, na kila moja nililijibu kwa kufanya kinyume. Jumanne ya kwanza: "Mama Karisa, ukuta usiufikishe juu. Acha nafasi hewa ipite." Nikaufikisha hadi kwenye bati, kwa sababu niliona anataka upenyo wa kuchungulia. Jumanne ya pili: "Mlango ukiwasha moto uwe wazi." Nikaweka mlango wa mbao wenye komeo. Ya tatu ndiyo aliyoisema kwa uchungu hasa, alikuwa ameshika kofia mkononi: "Usisakafie chini, nakuomba. Acha mchanga upumue."

Hilo la sakafu ndilo lililonithibitishia. Kila mtu wa Timbo anajua kwamba nyumba ya udongo wanaiita kibanda, na kibanda kinabomolewa kwa saa moja. Nyumba yenye saruji chini, hata hakimu huuliza maswali mawili matatu kabla ya kuivunja. Mtu anayekukataza saruji anakutayarishia tingatinga njia. Nilinunua saruji wiki hiyo hiyo. Nilisakafia kuanzia ukuta hadi ukuta, laini, hata ungeweza kulala juu yake.

Ndege ikaja baada ya hapo. Ndogo, nyeupe, ilipita juu yetu asubuhi moja, ikarudi, ikapita tena, ikienda na kurudi kama mtu anayepiga pasi shuka. Mwanga wowote hatukuuona. Mpimaji alisimama jaani na fimbo yake na kutazama juu, mdomo wazi. Jumanne mbili baadaye alikuja bila kisanduku, akazunguka vigingi vyote akavigusa vichwa kimoja kimoja, akatuamkia shikamoo nyumba kwa nyumba, akaenda. Hakurudi tena. Tukasema: kazi imekwisha, ametuuza, sasa tungoje mnunuzi.

Aliyetangulia kufika hakuwa mnunuzi. Asubuhi moja ya mvua Kadzo aliingia jikoni kuwasha jiko, akafunga mlango kwa sababu ya upepo. Nilisikia mlio usiokuwa mkubwa, kama mtu anayekung'uta shuka zito, kisha nikamsikia Kadzo. Moto ulikuwa umekimbia juu ya sakafu yangu mpya, kwenye ufa mmoja mrefu, wa buluu, mzuri wa kutazama. Ulimshika mguu wa kushoto kuanzia kidole hadi juu ya goti. Tulimtoa mimi na Bi Riziki. Alikaa hospitali wiki nyingi. Aliporudi nilichukua mtaimbo nikaivunja sakafu ile peke yangu, sikumruhusu mtu kunisaidia, na nililia toka mwanzo hadi mwisho.

Kadzo hajanilaumu hata siku moja. Anapika nje, mvua inyeshe jua liwake, na ukimwambia aingie jikoni anakuitikia abee kwa upole, halafu haingii. Ningependa anitukane.

Na Mpimaji nilimchukia zaidi baada ya hapo, si kidogo. Alijua. Mtu aliyejua kiasi kile, akaniambia habari za upenyo na mlango na mchanga, kwa nini hakunishika mabega akasema utaungua? Na tingatinga halikuja. Mwaka ukapita, wa pili ukapita, hatukuona ramani wala askari. Hilo nalo lilinisumbua. Ikiwa alituuza, mnunuzi yuko wapi? Na ikiwa hakutuuza, alikuwa anafanya nini kwetu?

Nilimwona tena mwaka huu, Likoni. Mizani yangu ilikuwa imeanza kukwama, na mwuza dagaa mmoja akanielekeza kwa fundi wa mizani nyuma ya soko. Nikavuka feri nayo imefungwa kwenye leso. Nilikuta meza ndogo, mizani za kila namna zimetundikwa, na mtu aliyeinama na bisibisi, shati limefungwa hadi shingoni.

"Shikamoo, mama," akasema kabla hajainua uso. Alipouinua akaniona ni mimi, naye hakushtuka. Aliipokea mizani, akaifungua, akaweka jiwe juu yake. "Bado inakuonea huruma," akasema.

Nilikuwa nimejitayarishia maneno miaka miwili, na yote yakatoka kwa mpigo. Nikamweleza habari ya Kadzo, ufa, moto wa buluu. Akaweka bisibisi chini. Soko lilikuwa linapiga kelele pande zote.

"Mguu gani?" akauliza.

"Wa kushoto. Unataka kuuandika?"

"La." Akajifuta uso wote kwa kiganja. "Uliniuliza mbele ya watu, mbebaji akila je. Unakumbuka?"

"Nakumbuka."

"Ni mimi niliyekula."

Akanieleza, akiitazama mizani na si mimi. Kati ya vigingi vyote kumi na viwili, namba saba ndiyo iliyokuwa kubwa kuliko zote, kuliko hata katikati ya jaa. Taka za kale zilizofunikwa chini ya nyumba zetu ndizo zilizokuwa zinatoa gesi zaidi. Angeiandika, ramani ingetoka na doa jekundu juu ya paa letu. "Nimefanya kazi hii miaka," akasema. "Najua kinachofanyika wekundu ukiwa juu ya nyumba zisizo na karatasi. Hawaji kuchimbia bomba la kutolea gesi. Wanakuja kuwaondoa watu, halafu udongo ukishatulia mwingine anajenga." Kwa hiyo namba saba aliiacha wazi. Kila Jumanne aliisoma, na kila Jumanne hakuiandika. Ndege ilipopita, leza ikasema gesi iko kwenye nyumba. Karatasi yake ikawa imenyamaza, na namba ya juu pasipo ya chini hawakuiamini. Wakubwa wake wakamwita, akawaambia kigingi kilipotea. Wakaona ni mvivu asiyetembea, na mkataba ukaishia hapo.

"Nikasema nitakuambia wewe mwenyewe kwa mdomo," akasema. "Nikafikiri itatosha."

"Uliniambia mara tatu."

"Mara tatu, ndiyo."

"Nilidhani unataka nihame."

"Nilijua unadhani hivyo. Mtu akihamisha kigingi hatua kumi na mbili, naye ana hatua fupi, huwezi kumwambia kitu akakiamini."

Basi alijua hata hatua. Nilitaka kumshukuru na sikuweza. Nilihisi hasira mpya kabisa, ambayo sikuijua, kwa sababu safari hii haikuwa na mtu mmoja wa kumwendea. "Ungetuuza," nikamwambia. "Haki ya Mungu, Mpimaji, ungetuuza tangu mwanzo. Kadzo angekuwa na mguu wake mzima."

"Na mngekuwa wapi sasa?"

Hakungoja jibu. Alirekebisha mizani, akapima jiwe mara mbili akisoma kwa sauti, akanirudishia. Nilikuwa nimebeba mahamri kwenye mfuko, nikamwekea mawili mezani juu ya gazeti. Alichukua moja, akalipima kiganjani kwanza, kama alivyozoea, kisha akalila mbele yangu. Hata hapo moyo wangu haukutulia moja kwa moja. Feri ikivuka nilikuwa bado najiuliza. Mtu anayefukuzwa kwa uvivu anaweza kubuni hadithi nzuri kuliko hiyo. Lakini hatua kumi na mbili hawezi kuzibuni.

Wiki hii mzee wa mtaa amepita nyumba kwa nyumba. Wapimaji wapya wanakuja. Wanayo orodha ya zamani, yenye vituo kumi na kimoja na nafasi moja isiyokuwa na kitu, nao watavifuata vigingi vilivyobaki. Kila mtu akaelewa la kufanya. Mchana ule ule niliona watu wakiingia na kutoka nyuma ya nyumba zao, wakipigapiga udongo kwa miguu.

Mimi nilikwenda kwenye mihogo, nikakivuta namba saba. Kilikuwa kimeshika kutu, wekundu umebanduka. Nilihesabu hatua kumi na mbili kurudi, nikaingia katika jiko lililovunjwa sakafu, nikakichomeka pale kilipotoka, na kwa nyundo nikakizamisha ili kisitikisike. Kadzo alisimama mlangoni akinitazama. Hakuingia, ila hakuondoka.

Nilipotoka Bi Riziki alikuwa uani kwake, mkono kiunoni. Alikuwa ameona. Tumepikiana, tumeuguziana, tumezikiana watu wetu, na sikuwahi kumwona akinitazama kwa macho yale. Niliyajua, maana ndiyo tuliyokuwa tukimtazamia mtu wa kwenye ndoo.

"Mama Karisa," akasema, "umetumwa na nani?"

Nikamwambia sikutumwa na mtu. Hakuniamini, na mimi ningekuwa yeye nisingeamini.